Maswali ya Wasomaji: Jioni Ndefu za Majira ya Baridi Ndani ya Boti

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazohusu jambo moja. Mbili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi ndani ya boti katika mifereji ya Uingereza, na ya tatu imetoka kwa mama aliyeko Tanga ambaye mwanawe anaishi vivyo hivyo. Kwa kuwa mjibu wa safu hii naye amelala botini majira matano ya baridi kabla ya kurudi nchi kavu, tumeziweka pamoja.

SWALI

Mjomba, shikamoo. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, na huu ni mwaka wetu wa tisa Uingereza. Mwezi wa Aprili kodi ya nyumba ilitushinda, tukanunua boti ya chuma ya futi 57, na sasa tunakaa ndani yake kwenye mfereji wa Grand Union, magharibi ya London. Majira ya joto yalitupendeza mno: tulikuwa tukila nje, jua halizami mpaka saa tatu za usiku, na wapita njia wakitusalimu. Sasa ni Desemba. Nikirudi kutoka kazini kwangu, katika makazi ya wazee, saa tisa u nusu, kiza kimeshaanza kuingia, na kuanzia hapo mpaka wakati wa kulala ni saa sita na zaidi katika chumba ambacho nikinyoosha mikono nakaribia kugusa kuta zote mbili. Televisheni inamaliza betri. Simu inaniumiza macho. Mume wangu hulala saa moja, akaamka saa nane za usiku akitafuta chai, na wakati huo ndio kwanza usingizi umenishika mimi. Hatugombani, ila tumekuwa kama abiria wawili waliokutanishwa na tiketi. Je, wenzetu wanaoishi hivi hupitishaje jioni zao?

Baharia wa Maji Baridi, London

JIBU

Marahaba, dada yangu. Kabla ya jambo jingine lolote naomba tuisahihishe hesabu yako ya saa, kwa sababu nahisi ndiyo inayokulemea kuliko kiza chenyewe. Tarehe 21 Desemba jua la London huchomoza saa mbili na dakika nne asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika saba alasiri, na mchana mzima hautimii saa nane. Kwa mtu aliyelelewa na saa ya Kiswahili, ambayo saa kumi na mbili yake ya jioni ndiyo machweo yenyewe, hiyo ni saa iliyovunjika, na haishangazi kwamba moyo unagoma. Lakini kumbuka kwamba Mombasa iko mbele ya London kwa saa tatu, na kwamba siku hiyohiyo jua la Mombasa huzama yapata saa kumi na mbili u nusu. Ondoa saa tatu, utapata saa tisa u nusu ya London. Baina ya magharibi ya kwenu na magharibi ya mferejini kwako hapapiti hata nusu saa. Unapoyaona maji yakigeuka rangi ya lami nje ya dirisha lako, na huko Mombasa ndio kwanza wamewasha taa za barazani.

Kwa hiyo usiku wako hauanzi mapema kama unavyodhani. Unaanza pamoja na wa kwao, na kinachokupotosha ni namba iliyoandikwa kwenye simu. Mumeo, kwa maoni yangu, hana kosa hata kidogo. Anayelala saa moja ya London analala saa nne ya Mombasa, na anayeamka saa nane za usiku akitaka chai anaamka saa kumi na moja ya alfajiri ya kwao, wakati ambao kila mwanamume wa pwani ana haki ya kuulizia chai. Miaka tisa Uingereza, na mwili wake bado unasikiliza adhana ya mtaani kwao. Boti imemrudisha huko kwa kuwa ndani ya nyumba ya kupanga mlikuwa na taa kali hadi usiku wa manane, na botini mnakaa katika mwanga hafifu.

Hesabu hiyo inaigawa jioni yako mafungu mawili yasiyofanana. Fungu la kwanza, kutoka saa kumi mpaka saa moja, ni jioni ya kwenu. Liishini kama jioni ya kwenu. Huu ndio wakati wa kupiga simu nyumbani, kwa sababu ukingoja mpaka baada ya chakula chako cha usiku, saa mbili, utawaamsha wazee saa tano. Huu ndio wakati wa kuoga, kusali, kupika na kula. Watu wengi hukosea hapa: hurudi kazini, wakajitupa kwenye kochi na simu saa tatu nzima, kisha wakaanza kupika saa moja hali wamekwisha kuchoka kwa kutofanya lolote. Fungu la pili, kutoka saa moja mpaka saa nne, ndilo la ziada, ndilo msilolijua kwenu, na lina saa tatu tu. Saa tatu zinaweza kupangiwa kazi. Saa sita na zaidi, ulivyozihesabu wewe, zinamtisha mtu yeyote.

Sasa tuingie ndani ya boti yenyewe, maana jioni ya botini hutengenezwa mchana. Huwezi kustarehe saa mbili za usiku ikiwa betri zimelala, jiko limezima na godoro limelowa. Betri ya kawaida ya asidi na risasi, yenye uwezo wa amp-saa 110, haifai kushushwa chini ya nusu, na kwa volti 12 nusu hiyo ni kama wati-saa 660. Televisheni ya wati 40 ikiwaka kwa saa tano imekula 200, na bado hujahesabu friji, pampu ya maji na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo hula umeme hata isipolisha kitu. Taa ya LED ya wati 3, kwa saa hizohizo tano, hula 15 tu. Paneli za sola zilizowafurahisha mwezi wa Juni hazitawasaidia sana Desemba, kwani jua hupita chini sana na mara nyingi liko nyuma ya mawingu. Kwa hiyo mtategemea injini. Mamlaka ya mifereji, Canal & River Trust, huwataka wenye boti zilizofungwa karibu na wengine wasiwashe injini wala jenereta kati ya saa mbili za usiku na saa mbili za asubuhi. Mumeo, au yeyote anayebaki nyumbani, aiwashe mchana, saa sita hadi saa nane. Injini hiyohiyo huchemsha tangi la maji ya kuogea, na mkioga mara mnaporudi, jioni imeanza kwa mwili ulio na joto.

Televisheni siipigi marufuku. Ila ichagulieni siku, tuseme Jumamosi, kisha itazameni kama watu waliokwenda sinema.

Jiko la makaa linahitaji adabu kuliko umeme. Litieni makaa yasiyotoa moshi kabla ya giza, liacheni lipate joto la kutosha, kisha mlipunguzie hewa taratibu. Anayeliacha mpaka lipoe ndipo akumbuke kuliwasha atakaa saa nzima na koti ndani. Ukiwa na ile feni ndogo inayozunguka kwa joto la jiko lenyewe, bila kugusa betri, hewa ya moto itafika hadi tezi, nyuma ya boti mnakolala, badala ya kujikusanya yote omoni, kule mbele. Majivu yatolewe nje katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, wala yasilazwe ndani hata yakionekana yamekufa. Na juu ya jiko hilo wekeni sufuria. Maharage uliyokwisha kuyachemsha vizuri kwa gesi yakikaa pale tangu saa nane mchana, kifuniko kikiwa kimefungwa, yanangoja nazi tu utakaporudi, na harufu yake ni kampani tosha.

Nimesema kifuniko kifungwe kwa sababu ya unyevu. Wengi hawajui kwamba gesi yenyewe ikiungua huzaa maji: mtungi wa propeni wa kilo 13 ukiisha umetia hewani mvuke unaozidi lita 20 za maji. Ongeza pumzi za watu wawili, nguo zinazoanikwa na maji ya kuoga, na kuta ni za chuma baridi. Ndiyo maana asubuhi unayakuta matone yamejipanga kwenye fremu za madirisha kama shanga, na nyuma ya godoro kuvu inachora ramani. Fungua dirisha kidogo unapopika ingawa roho itauma kwa joto linalotoka, inua godoro juu ya mbao zenye nafasi, na futa madirisha kila asubuhi kwa kitambaa utakachokikamulia nje. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe, hata upepo wa kaskazini ukiimba ndani yake.

Hapa sina budi kusimulia aibu yangu. Katika majira yangu ya kwanza, usiku mmoja wa Ijumaa, nilitamani harufu ya kwetu. Nikatoa makaa mawili yaliyoiva jikoni, nikayatia katika chetezo, nikatupia kipande cha udi na kukaa kama sultani. Haikupita robo saa kengele ya kaboni monoksaidi ikapiga makelele, nami nikadhani imeudhiwa na udi, nikataka kuitoa betri. Jirani aliyekuja mbio kwa ule ukelele ndiye aliyenivuta nje, na huko baridini ndipo nilipotambua kwamba kichwa kilikuwa kikinigonga kitambo. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na makaa mawili katika chumba kidogo yanatosha kuijaza hewa yote. Tangu Aprili 2019 kengele hiyo ni sharti la ukaguzi wa usalama kwa boti za watu binafsi zenye mahali pa kulala. Ijaribuni kila wiki. Udi ufukizeni nje, kwenye sitaha ya omo, nguo mkizining'iniza juu yake, au mtumie chetezo cha umeme mchana injini inapowaka. Jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingie ndani hata likiwa limezimwa.

Tuje kwenye zile saa tatu za ziada. Mliohamia botini kwa kushindwa na kodi si wa kwanza. Katika karne ya 19 reli ilipoanza kuwanyang'anya wachukuzi wa mifereji mizigo yao, wengi waliacha nyumba na kuhamishia wake na watoto botini ili kuokoa gharama. Familia nzima ilikaa katika chumba kimoja cha nyuma, kama mita tatu kwa mbili, kwa kuwa sehemu yote iliyosalia ilikuwa ya makaa ya mawe na shehena nyingine. Wanawake walifuma lesi za kupambia rafu na kitanda, walisugua vifundo vya shaba mpaka vikang'aa. Wanaume walisuka kamba. Na milango, ndoo na makopo ya maji yalichorwa mawaridi na makasri kwa rangi zinazopiga kelele, mtindo ambao utauona hata leo kwenye mfereji wako. Watu hao hawakuwa na nafasi ya kuweka kitu kisicho na kazi, lakini walikuwa na nafasi ya urembo, nami naamini sababu yake ni hizohizo jioni. Kazi ya mkono ndiyo starehe pekee inayomtosha mtu katika chumba chembamba, maana haihitaji asimame, haihitaji umeme zaidi ya taa moja, na kesho yake unaikuta pale ulipoiacha.

Wewe una hazina yako mwenyewe. Kama bibi yako alikufundisha kushona kofia kwa mkono, basi rudi kwenye kofia. Kazi ya kutoboa matobo na kuyazungushia uzi moja baada ya jingine huchukua wiki nyingi. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni adhabu, na kwa mtu mwenye Desemba na Januari ni ngawira. Ikiwa hujui, anza na ukili: msuko wa mistari minne hujifunza kwa jioni mbili hata ukitumia vitambaa vilivyochanwa badala ya miyaa. Mumeo naye asuke dafrao, lile tita la kamba linaloning'inizwa ubavuni boti isikwaruzwe na ukuta. La dukani lina bei, nalo huchakaa kila mwaka, na kamba kuukuu zimejaa ndani ya kila boti niliyowahi kuingia. Mtakaa wawili, jiko katikati, kila mmoja na kazi yake, na maneno yatakuja yenyewe kwa kuwa hakuna anayeyangoja.

Siku nyingine wekeni bao. Sisemi hivi kwa kupenda mambo ya kwetu tu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ishirini huanza ubaoni na arubaini na nne mikononi mwa wachezaji, ikiingizwa moja moja katika hatua ya namua kabla ya kufika hatua ya mtaji, na mchezo mmoja wa watu wanaolingana unaweza kumeza sehemu nzuri ya usiku. Tena boti nyingine ikipita na kuivuta ya kwenu kwenye kamba zake, karata humwagika lakini kete hutulia mashimoni. Usipokuwa na ubao, chonga mashimo katika ubao wowote wa msonobari, na vifungo vya shati vinatosha kuwa kete.

Mumeo akitaka kuuhama usingizi wa Mombasa, na hapa sijui kama kweli anataka, atoke nje mchana. Nusu saa ya kutembea kando ya mfereji saa sita, hata chini ya mawingu, ina mwanga mwingi kuliko taa zote za botini. Kisha muongezeeni kazi ya saa moja za usiku, isiyofanyika kwa kukaa: kuleta makaa kutoka juu ya paa, kukagua kamba, kupiga tochi kwenye ngama, chini kabisa ya boti, kuona kama maji yameingia. Baada ya hapo hawezi kulala mara moja, kwa sababu atakuwa amerudi na baridi mwilini na jambo la kusimulia.

Na Ramadhani inakuja kuelekea huko. Inazidi kurudi nyuma kila mwaka, na katika mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Futari saa kumi, dada yangu; utazitamani jioni hizi unazozilalamikia leo.

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, ninasoma Oxford, na nimeazimwa boti na mtu aliye safarini mpaka mwezi wa Machi. Niko peke yangu kwenye mfereji wa Oxford. Mwishoni mwa wiki hutokea nisiseme neno na mtu tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Naona taa kwenye madirisha ya majirani lakini sijui kama ni adabu kuwabishia usiku. Na maji yakiganda, nifanye nini?

Mwanafunzi Mpweke

JIBU

Marahaba, mwanangu. Wabishie, lakini kwa utaratibu wa mferejini, ambao utauona hauko mbali na wa kwetu. Usikanyage boti ya mtu kabla hujajibiwa. Chombo kile hulala upande kidogo mguu wa mgeni unapokipanda, na aliye ndani huuhisi mguu huo kabla hajaisikia sauti. Kwake ni sawa na mtu aliyeingia chumbani bila hodi. Simama kando ya mfereji, gonga pembe ya paa kwa vidole, taja jina lako, useme umetoka boti gani. Nenda saa kumi na mbili badala ya saa tatu, na mara ya kwanza uwe na sababu ndogo ya kwenda: kuuliza bomba la maji la karibu liko wapi, au kama boti ya makaa inatarajiwa lini. Boti ya makaa ni ile inayopita ikiuza makaa, dizeli na mitungi ya gesi, na siku inayopita ndiyo siku ya soko ya mtaa wenu. Toka nje hata kama huhitaji kitu. Utakapokuwa umewajua watu wawili, wapikie. Wasukuma hawakosi samaki wa kusimulia, na sahani ya wali iliyotumwa kwa jirani hurudi na kitu ndani yake hata Oxford.

Kwa kuwa uko peke yako, mwombe jirani mmoja akutazamie dohani. Dohani inayotoa hewa ya moto kila asubuhi ni salamu. Isipotoa mpaka saa tano, aje agonge. Nawe umfanyie hivyo. Usitembee juu ya ukingo mwembamba wa ubavuni usiku wenye baridi kali, kwani barafu yake haionekani, na maji ya mfereji, ingawa mara nyingi hayazidi kifua, yana ubaridi unaomnyima mtu pumzi kabla hajapata pa kushika. Pita ndani. Ukilazimika kutoka, vaa jaketi la kuelea na uwe na tochi ya kichwani.

Maji yakiganda, kaa pale ulipo. Boti ya chuma inaweza kuivunja barafu nyembamba, lakini vipande vyake vikisukumwa hukwangua rangi ya boti za wenzako na hata kuzitoboa zile za mbao. Barafu ina sauti, na usiku wa kwanza itakutisha: hulia kama waya mrefu uliopigwa, kisha hunyamaza, kisha hulia tena mbali zaidi. Katika baridi ya 1962 hadi 1963 mifereji ya Uingereza iliganda wiki nyingi, boti za mizigo zikakwama na shehena zake, na biashara kubwa ya uchukuzi wa boti hizo nyembamba haikuinuka tena baada ya hapo. Lako litakuwa jambo la siku chache. Jaza tangi la maji utabiri unapotaja baridi kali, maana bomba la ukingoni nalo huganda. Funika mabomba yaliyo karibu na kuta kwa sponji. Na tumia propeni, kwa sababu butani huacha kugeuka gesi joto linapofika karibu na sifuri na utabaki na mtungi mzito usiowaka. Kumbuka pia kwamba kati ya Novemba na Machi malango ya kupandishia boti hufungwa kwa zamu ili yakarabatiwe, kwa hiyo kabla ya kuhama hakikisha hujifungii upande usio na maji wala makaa.

Kuhusu jioni zenyewe nina ushauri mmoja kwako, nao ni kusoma kwa sauti. Utaona haya siku ya kwanza. Mtu asiyesema neno siku tatu husahau kwamba ana sauti, na boti, kwa kuwa imefunikwa mbao ndani, huirudisha sauti hiyo vizuri kama sanduku la gambusi. Soma Kiswahili, usome na Kiingereza cha masomo yako. Pia ushauri wa afya wa Uingereza humtaka kila mtu afikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, katika vuli na majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi kama yetu wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Hilo ni jambo dogo la dukani. Ukiona usingizi, hamu ya kula na hamu ya masomo vimekuhama pamoja kwa zaidi ya wiki mbili, usiuite upweke ukavumilia; nenda kwa daktari uliyeandikishwa kwake, umweleze kwamba unaishi botini na ni majira yako ya kwanza.

SWALI

Ndugu mhariri, mwanangu wa kiume anaishi ndani ya boti huko Leeds na anasema usiku ni mrefu kama deni. Ninapenda kumtumia kitu cha kumsaidia, lakini ameniambia hana nafasi hata ya mto wa pili. Nimtumie nini?

Mama wa Watoto Wanne, Tanga

JIBU

Mama, usimtumie mto. Mtumie kanga mbili kuukuu, zilizokwisha kulainika kwa kufuliwa. Ataning'iniza moja katikati ya boti, kati ya jiko na kitanda, joto lisikimbie, na nyingine atajua mwenyewe pa kuiweka. Mtumie iliki na mdalasini kwa ajili ya chai. Kete za bao za komwe ziache, mbegu huweza kuzuiwa forodhani na kuchelewesha kifurushi kizima.

Zaidi ya hayo, mwombe mmoja wa ndugu zake arekodi sauti yako kwa simu. Simulia ile hadithi aliyokuwa akiitaka kila usiku alipokuwa mdogo, usiifupishe kwa kuona amekua, na pale alipokuwa akikukatiza na maswali nyamaza kidogo kama ulivyokuwa ukinyamaza. Rekodi haina uzito, haishiki unyevu, na simu kuisoma haitumii umeme wa kutajika. Itumeni saa moja za jioni za Tanga, mara baada ya magharibi. Kwake itakuwa saa kumi alasiri, na nje ya dirisha lake jua nalo litakuwa ndio kwanza limezama.